Saa za kusubiri ndege Frankfurt: ubaki uwanjani, uingie mjini, au uende Mainz?

Tiketi nyingi za kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupitia Frankfurt. Lufthansa huondoka Nairobi usiku na kutua huko alfajiri. Condor na Discover huwaleta watalii Mombasa, Zanzibar na Kilimanjaro, na wakati wa kurudi hubeba pia watu wetu wanaoelekea kwingine. Wapo na wanaozungukia Addis kwa Ethiopian. Ukitafuta bei ndogo, mara nyingi unakabidhiwa pengo la saa sita, nane, hata kumi na mbili katikati ya safari, na hapo ndipo swali linapozuka: nikae hapa nikilinda begi, au nitoke?

Nalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kubaki ndani ya uwanja. Ya pili ni kuingia katikati ya jiji la Frankfurt. Ya tatu ni kupanda treni kuelekea upande wa pili, kwenda Mainz, mji wa kando ya mto Rhine ambao wasafiri wengi hawaufikirii kabisa ingawa uko karibu nusu saa tu kutoka uwanjani. Heidelberg nimeiacha makusudi. Ni nzuri, lakini ni karibu saa moja kwenda na nyingine kurudi, tena mara nyingi kwa kubadilisha treni. Huo ni mpango wa mtu anayelala Ujerumani.

## Vigezo kabla ya chaguo

Njia zote tatu nimezipima kwa mambo matano: hati, saa, pesa, hali ya mwili wako na ya ulioandamana nao, na siku yenyewe kwenye kalenda. Mawili ya kwanza ndiyo yanayovuruga mipango ya watu, kwa hiyo nitayaeleza kidogo.

Hati. Kutoka nje ya uwanja ni kuingia Ujerumani, na kuingia Ujerumani ni kuingia eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazohesabu mpaka wao wa nje kuwa mmoja. Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji viza ya Schengen, hata kama ni kwa saa tatu za kunywa kahawa. Green card ya Marekani, kadi ya ukaazi wa kudumu ya Kanada au kibali cha kuishi Uingereza havikufungulii mlango huo. Aliyekwisha kupata uraia na pasipoti ya nchi hizo anatoka bila viza, ila Umoja wa Ulaya unaandaa idhini ya mtandaoni iitwayo ETIAS kwa watu wa kundi hili, kwa hiyo waangalie kama imeanza kabla ya kusafiri. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Uswidi au Uholanzi, naye anatoka.

Kama una viza ya kuingia mara moja tu, tazama safari yako inaishia wapi. Anayeelekea Stockholm au Amsterdam atapita uhamiaji hapo hapo Frankfurt kwa vyovyote vile, kwa hiyo kwenda mjini hakumpunguzii kitu. Lakini aliye njiani kutoka Chicago kurudi Nairobi, na viza yake ya kuingia mara moja ameiweka kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao Ubelgiji, akitoka tu ameshaitumia.

Saa. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi si saa utakazokuwa nazo. Tuseme umetua saa 12 asubuhi na ndege inayofuata inaondoka saa 8 mchana. Tiketi inasema saa nane. Toa saa moja na nusu ya kushuka, kutembea zile korido ndefu, kupanga foleni ya uhamiaji na kufika kwenye treni. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa EES, ambao wageni wa muda mfupi huchukuliwa alama za vidole na picha mpakani, na mara ya kwanza huchelewesha zaidi. Mwishoni toa saa mbili hadi mbili na nusu: ukaguzi wa usalama upya, uhamiaji wa kutokea, mwendo wa kwenda getini, na akiba ya treni iliyochelewa. Zile saa nane zimebaki nne hadi nne na nusu, na humo humo kuna muda wa treni kwenda na kurudi.

Geuza pia saa yako. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya baridi na saa moja kiangazi, na kadi ya kupandia ndege huandika saa ya pale.

Pesa, mwili na siku. Haya hayahitaji maelezo marefu. Mtu aliyekesha kwenye kiti cha katikati na mtoto mapajani hana nguvu sawa na kijana mwenye begi la mgongoni. Na Jumapili ya Ujerumani si Jumapili ya Kariakoo: maduka hufungwa, na mji uliotazamia kununua vitu ndani yake unaukuta umelala.

## Njia ya kwanza: kubaki ndani ya uwanja

Hati. Ndiyo njia pekee kwa wengi wenye pasipoti zetu wasio na viza, na kwa kawaida haidai kitu. Kuna mitego mitatu. Kwanza, raia wa Kongo (DRC) na wa Somalia wamo kwenye orodha ya Ulaya ya wanaotakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanjani hata wasipotoka nje, isipokuwa wawe na viza halali au ukaazi wa Schengen au wa nchi kama Marekani, Kanada na Japani. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Pili, tiketi mbili tofauti zilizonunuliwa kivyake: kama begi lako kubwa linaishia Frankfurt na lazima ulichukue na kulikabidhi upya, unalazimika kutoka, na kutoka kunataka viza. Kuna tiketi za bei ya kutupa zinazojengwa hivyo, na abiria hugundua kwenye kaunta ya nyumbani anapokataliwa kupanda. Tatu, safari yenye viwanja viwili vya Schengen. Nairobi–Frankfurt–Chicago ni sawa bila viza ya Schengen. Nairobi–Frankfurt–Zürich–Chicago si sawa, kwa kuwa Frankfurt–Zürich huhesabiwa kama safari ya ndani.

Saa. Inafaa pengo lolote, na kwa pengo la chini ya saa tano sioni hoja ya kutoka kabisa. Usiku ni habari nyingine. Tangu mwaka 2011 ndege za ratiba haziruhusiwi kutua wala kuruka Frankfurt kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, kwa sababu ya kelele kwa majirani. Anayezoea Doha au Dubai, ambako saa 8 usiku maduka yanawaka kama mchana wa sikukuu, atashangaa: hapa migahawa hufungwa na unabaki na mlio wa mashine za kusafisha sakafu. Nunua chakula mapema.

Pesa. Unaweza kumaliza bila kutoa senti. Intaneti ni ya bure, na chupa tupu utaijaza maji. Lakini ukianza kununua, kahawa na kipande cha mkate wenye jibini huenda kikakaribia euro kumi, na saa nane zina njaa zaidi ya moja. Kwa hiyo usidhani kubaki ndani ndiyo rahisi kuliko zote. Familia ya watu watano inayokula mara mbili uwanjani inaweza kutumia zaidi ya ile iliyopanda treni na kununua mikate sokoni.

Mwili. Hapa ndipo njia hii inaposhinda. Kuna viti vya kujinyoosha katika kona za mapumziko, kuna mabafu ya kulipia, na kuna vyumba vya sala, vya Waislamu na vya Wakristo. Fuata alama za ubaoni au uliza kwenye dawati la maelezo. Kwa anayetaka kitanda halisi, MY CLOUD ni hoteli ya vyumba vidogo iliyo ndani ya eneo la abiria wa kupita, Terminal 1 upande wa geti za Z, ambayo huuza saa chache badala ya usiku mzima, na hulazimiki kupita uhamiaji kuifikia. Si rahisi ukilinganisha na gesti ya nyumbani. Ila oga, lala saa nne, vaa shati safi, halafu ndipo ukabiliane na saa tisa za kuvuka Atlantiki: hiyo nayo ni namna ya kuutumia muda vizuri, na wanaoidharau huwa hawajawahi kusafiri na mama mwenye miguu inayovimba.

Siku. Haina tofauti. Jumapili, Krismasi, theluji, uwanja ni ule ule.

Inamfaa nani. Asiye na viza, mwenye pengo fupi, mwenye watoto wadogo au mzee, anayetoka safari ndefu na bado ana nyingine. Inamchosha mtu asiyeweza kutulia. Frankfurt ni uwanja wa kazi, haukujengwa kuwa bustani.

## Njia ya pili: katikati ya Frankfurt

Mwenda bure si mkaa bure, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwa na ndege ya kuunganisha. Tuone.

Hati. Viza au pasipoti inayoruhusu, kama nilivyoeleza. Ongeza forodha, ambayo watu huisahau. Ukibaki eneo la kupita, alichokufungashia shangazi ni siri yako na yeye. Ukitoka, unakiingiza Ulaya. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mzigo wa abiria, na matunda mengi, embe likiwemo, yanadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende zimesamehewa. Kwa hiyo embe la Dodo lililo kwenye begi la mkononi ulile kabla ya uhamiaji.

Saa. Jiji liko umbali wa kilomita kumi na mbili hivi. Stesheni ya treni za karibu, Regionalbahnhof, iko chini ya Terminal 1. Usiichanganye na Fernbahnhof ya treni za mbali. Panda S8 au S9. Ubao hautaandika «Frankfurt» kwa herufi kubwa kama unavyotarajia. Utaandika mwisho wa njia, yaani Offenbach au Hanau, na hizo ndizo zako. Dakika kumi na tano hivi uko stesheni kuu, Hauptbahnhof, na dakika chache mbele uko Hauptwache. Ushauri wangu ni kupita Hauptbahnhof bila kushuka na kwenda kushukia Hauptwache. Mitaa iliyo mbele ya stesheni kuu ina sifa ya watumiaji wa dawa za kulevya waziwazi barabarani. Hawamsumbui mpita njia sana, lakini si picha ya kwanza unayotaka kumwonyesha mtoto.

Kwa pengo la saa sita unapata mzunguko mfupi. Kwa nane unatembea bila kuangalia saa kila dakika.

Pesa. Nauli ni kama euro sita au saba kwa mtu kwenda. Mkiwa kikundi, tiketi ya kundi ya siku nzima huchukua hadi watu watano na hulipa haraka. Nunua kwenye mashine kabla ya kupanda. Hakuna geti la kukuzuia, na hilo ndilo linalowaponza watu: wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi hulipa euro 60 bila kujali kama ni mgeni. Weka pia sarafu mfukoni, kwa kuwa vyoo vya stesheni hulipiwa na vibanda vingine bado havipendi kadi.

Mwili na mzigo. Yote ni kutembea, kwenye ardhi tambarare. Begi la magurudumu kwenye mawe ya Römerberg ni adhabu; liache kwenye huduma ya kuhifadhi mizigo Terminal 1.

Utakachokiona. Kutoka Hauptwache tembea dakika tano hadi Kleinmarkthalle, soko la ndani linalofunguliwa saa 2 asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi. Hapa utaona Wafrankfurt wenyewe wakinunua jibini, samaki, viungo, na mashada ya mimea saba yaliyofungwa kwenye karatasi nyeupe kwa ajili ya mchuzi wao wa kijani, Grüne Soße, unaoliwa baridi kwa viazi na mayai ya kuchemsha. Kwa asiyekula nguruwe, mchuzi huu ni salama kuliko soseji, maana soseji ya hapa bila maelezo mengine ihesabu kuwa ya nguruwe.

Dakika tano nyingine uko Römerberg, uwanja wa zamani wenye nyumba za mbao zilizochorwa mistari. Zinaonekana za kale. Mabomu ya mwaka 1944 yalifuta mji huu wa kale karibu wote, na safu hiyo ya upande wa mashariki ilijengwa upya miaka ya 1980. Nyuma yake kuna mitaa mingine ya «kale» iliyofunguliwa mwaka 2018 tu, nyumba 35, kumi na tano zikiwa nakala za zilizoungua. Wengine huona huu ni utapeli wa watalii. Mimi naona ni mji unaojibishana na historia yake hadharani, na mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu, anayejua ubishi wa kipi kikarabatiwe na kipi kiachwe, atakuwa na la kusema.

Kanisa kuu lina mnara wa kupanda kwa ngazi 328. Sikushauri kama umekesha. Badala yake nenda hadi daraja la chuma la waenda kwa miguu, Eiserner Steg, vuka mto Main, kisha geuka. Kutoka ng'ambo ile ndipo maghorofa ya mabenki yanapojipanga mbele yako, na hiyo ndiyo picha ambayo kila mtu hurudi nayo.

Kuna nyumba moja ambayo kwa watu wetu ina mvuto wa pekee. Aliyehangaika na mtihani wa Kijerumani wa A1 pale Goethe-Institut Nairobi ili amfuate mwenzi wake, jina la Goethe kwake ni la karo na woga wa kusikiliza kanda. Nyumba aliyozaliwa mwenye jina hilo, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, mwaka 1749, iko Großer Hirschgraben, dakika chache kutoka Hauptwache. Nayo iliharibiwa vitani ikajengwa upya. Ukiwa na saa moja ya ziada, ingia umwone aliyekusumbua aliishi vipi.

Chakula cha halali kiko Münchener Straße, karibu na stesheni kuu: mtaa wa Waturuki na wageni wa kila namna. Mchana hautakupa shida.

Siku. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, Jumapili maduka na Kleinmarkthalle vimefungwa. Mwishoni mwa Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi, Römerberg hujaa soko la Krismasi. Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni, jambo ambalo kwa hesabu yetu ya saa ni kichekesho. Anayetua saa 11 na nusu alfajiri mwezi huo atatembea gizani, kwenye baridi, mji haujafungua. Juni ni kinyume: saa 3 usiku bado kuna mwanga.

Inamfaa nani. Anayetaka kuona mji mkubwa wa Ulaya kwa haraka, mwenye kitu cha kununua, anayependelea treni nyingi na njia fupi ya kurudi.

## Njia ya tatu: Mainz

Hati. Sawa kabisa na Frankfurt.

Saa. Stesheni ni ile ile chini ya Terminal 1, upande wa kuelekea Wiesbaden. Hapa kuna mtego mdogo: S8 na S9 zote mbili huandikwa Wiesbaden, lakini S8 ndiyo inayopita Mainz yenyewe. S9 hupitia Mainz-Kastel, ng'ambo ya pili ya Rhine, nawe utabaki unautazama mji kutoka upande usio wako. Kwa S8 ni kama dakika 25 hadi 30. Shuka Mainz Römisches Theater, kituo kimoja kabla ya stesheni kuu, kwa sababu kiko karibu zaidi na mji wa kale, na mabaki ya jumba la maonyesho la Warumi yako hapo hapo kando ya reli. Unayaona hata kabla hujatoka.

Tatizo ni kurudi. Kwenda Frankfurt una S8 na S9. Hapa S8 ikikwama unatafuta treni nyingine ya mkoa. Sitoki kwenda Mainz kwa pengo la chini ya saa saba.

Pesa. Nauli haitofautiani sana na ya Frankfurt. Mjini utatumia kidogo kwa sababu vitu vingi vya kuona ni vya bure.

Mwili. Mji mdogo, watu wanatembea taratibu. Kuna kilima kimoja kuelekea kanisa la St. Stephan, si kikali.

Utakachokiona. Kanisa kuu la mawe mekundu, ambalo ujenzi wake ulianza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, limesimama katikati ya mji kama ngome. Mbele yake, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi asubuhi, kuna soko la wakulima: tufaha, maua, mikate mizito, mboga zenye udongo wa leo. Ukinunua mkate na zabibu ukaenda kuketi ukingo wa Rhine kutazama majahazi marefu ya mizigo yakipita, umeshapata thamani ya nauli.

Halafu panda kwenye St. Stephan. Marc Chagall, mchoraji Myahudi mzaliwa wa Vitebsk, alikuwa na takriban miaka tisini alipokubali kuwatengenezea Wajerumani madirisha ya vioo, kama ishara ya kupatana baada ya yaliyowapata Wayahudi. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1985, na hakuna kanisa jingine Ujerumani lenye madirisha yake. Ukiingia kutoka barabarani, kwa nukta chache unadhani macho yamekosea. Hewa yote ni buluu. Sakafu, nguzo, mikono yako. Malaika na watu wa Biblia wanaelea ndani ya vioo bila haraka, na wingu likipita nje, buluu nayo inakolea. Kaa kwenye benchi dakika ishirini. Kwa mtu anayetoka kelele za injini, sidhani kuna mahali pa karibu na uwanja ule panapotuliza kama hapa. Jumapili asubuhi kuna ibada, watazamaji wasubiri mchana.

Mainz ni pia mji wa Gutenberg, aliyeanzisha Ulaya uchapaji kwa herufi za chuma zinazopangika katika karne ya 15. Jengo la makumbusho yake pale Liebfrauenplatz liko kwenye ujenzi mpya, na mkusanyiko umehamishiwa kwa muda Makumbusho ya Historia ya Asili, si mbali. Anayefanya kazi ya uchapaji, ualimu au uandishi asiondoke bila kupita. Wengine wanaweza kuruka.

Siku. Jumamosi ndiyo bora, sokoni kumechangamka. Jumapili Mainz haina hasara kubwa kama Frankfurt, kwa vile mto na kanisa havifungi duka. Iepuke wiki ya kanivali, mwezi wa pili hivi, hasa Jumatatu ya gwaride: treni zinajaa watu waliovaa mavazi ya kanivali na kulewa tangu asubuhi.

Inamfaa nani. Aliyeshaiona Frankfurt, asiyependa maghorofa, mwenye saa nane na zaidi, na mwenye moyo wa kutembea bila orodha.

## Uchague vipi kwa hali yako

Una pasipoti ya kwetu na huna viza ya Schengen: mjadala umeisha, baki ndani, na pesa ambayo ungeitumia mjini iweke kwenye bafu au chumba cha MY CLOUD. Unaelekea Skandinavia au Uholanzi na viza yako tayari, pengo ni saa saba: ingia Frankfurt, kwa kuwa uhamiaji utapita hapo hapo kwa vyovyote.

Una pasipoti ya Marekani au Uingereza, uko peke yako, ni Jumamosi ya Mei na saa tisa mkononi: ningeelekea Mainz bila kufikiri mara mbili. Saa hizo hizo, lakini ni Jumatano ya Januari na mvua ya barafu inanyesha: Frankfurt, kwa sababu kuna soko la ndani, makumbusho na mabaraza ya kujibanza, ilhali Mainz bila jua hupoteza nusu ya utamu wake.

Mna watoto wawili chini ya miaka mitano: chini ya saa nane msitoke. Zaidi ya hapo, na mmoja wenu akiwa amelala kwenye ndege, Frankfurt hadi darajani na kurudi inatosha. Umeandamana na mzee: muulize yeye, usimpangie. Wapo wazee watakaotaka kuketi, na wapo watakaokwambia hawakuja Ulaya kutazama ukuta wa geti.

Pengo lako ni la usiku, umetua saa 3 usiku na unaondoka saa 4 asubuhi: mjini hakuna faida. Mwenye ruhusa ya kutoka ana hoteli zilizounganishwa na Terminal 1 kwa kutembea tu. Asiye na ruhusa atafute chumba cha ndani na akiwekee nafasi kabla ya safari, kwani ni vichache.

Na kama tiketi zako ni mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na hakuna wa kukulipa. Katika hali hiyo, hata ukiwa na saa kumi, nenda Frankfurt tu, rudi mapema kuliko nilivyoandika hapo juu, na begi kubwa ulikabidhi mara tu kaunta inapofunguliwa.